Vijana Wangu wa Daftari la Pamba

Jumanne, 8 Julai

Dharau! Mradi wa afya umeingia kata yetu ya Sapiwi na huduma ya simu. Kijana anatuma swali lake, la magonjwa ya zinaa au la bangi, muuguzi anamjibu kwa ujumbe, siri haitoki. Jambo jema. Lakini anatafutwa mratibu wa kata, atapewa pikipiki, na watu wanamtaja Klementina. Fundi cherehani! Mimi Januarius, karani wa mizani ya pamba miaka kumi na moja, sijatajwa hata kwa bahati mbaya. Atakayeandikisha vijana wengi mpaka Ijumaa ndiye mratibu. Tutaona.

Jumatano, 9 Julai

Nimezunguka asubuhi nzima. Nimepata vijana wanne. Wawili hawana simu, mmoja alikimbia, wa nne akaniuliza kama naweza kutunza siri. Mimi! Klementina amekaa tu kwenye cherehani yake. Wasichana wanaleta sare zishonwe, wanabaki kuzungumza naye. Ameshafikisha sitini. Huo ni uvivu.

Mchana likanijia wazo. Daftari la pamba! Kila mkulima ameandikwa na namba yake ya simu. Nimenakili mia moja na kumi. Umri, wote nimewapa miaka kumi na sita. Wachache kumi na saba, isionekane nimebuni.

Jioni Minza, binti yangu wa kidato cha tatu, ameazima simu yangu tena. Anasema ni hesabu. Ana bidii, amemrithi baba yake.

Alhamisi, 10 Julai

Ujumbe umeanza kutoka. Mzee Masunga, miaka sabini na moja, akampa mjukuu simu amsomee mbele ya wake zake wote wawili: "Mpendwa kijana, mwili wako unabadilika, usiogope." Wa pili ukamsihi asianze mapenzi mpaka amalize shule. Mke mdogo alicheka mpaka akakaa chini. Mzee amekuja mizanini na fimbo, anataka kujua nani anamchunguza mwili. Nikamwambia ni mtandao.

Hata mimi sikupona! "Kijana, swali lako ni zuri. Wenzako wa kidato cha tatu wakikulazimisha kuvuta bangi, kukataa si uoga. Mweleze baba yako leo." Upuuzi! Sijavuta bangi maishani mwangu. Na baba yangu tulimzika mwaka 2009! Nimeufuta.

Minza akaniuliza kama kuna ujumbe umeingia. Nikamwambia hakuna cha maana. Akasimama mlangoni kama mwenye neno. Nikamwambia aniache, leo nina hasira.

Ijumaa, 11 Julai

Uonevu mtupu! Mtu wa mradi amewapigia simu vijana wangu kumi. Wote wameitika kwa kukohoa. Wazee nao wamekaa, wamenipiga mchenya, faini ya mila: nitoe beberu, na mpaka nimtoe, ni marufuku mtu kunisalimia. Pikipiki amepewa Klementina.

Kwenda kwake kumwambia ukweli, namkuta Minza analia, Klementina amemshika mkono! Nikamuuliza kwa nini anamwendea mpinzani wangu na baba yake yupo. Akasema alisubiri jibu kwenye simu yangu siku nzima. Nikamjibu kwamba kwenye simu yangu halikuingia jibu lolote, uliingia upuuzi tu. Klementina akaniangalia kwa huruma. Huruma! Mimi!

Jumamosi, 12 Julai

Nimesalimia watu "mwangaluka" mara kumi na nne. Ameitika beberu peke yake.

Minza haombi tena simu. Jioni yuko kwa Klementina. Nyumbani ananipa chakula, anaingia kulala. Imeniuma, siwezi kuficha. Binti wa kumzaa mwenyewe, ameandikishwa upande wa pili!

Nimetafuta kosa langu usiku kucha na nimeliona. Ni daftari. Wakulima wa pamba ni wazee mno. Daftari la ubatizo ndilo lenye watoto, na katekista ni shemeji yangu. Jumatatu nampitia. Wa kwanza nitamwandika Minza, nimrudishe kwangu. Namba ya simu nitaweka yangu.