Birika Zangu na Kontena la Watu Saba

Jumatatu, 10 Machi 2025

Mkosi! Abdiwali, wakala wetu wa mizigo, amepiga simu hata chai sijamaliza. Kontena limezuiliwa na forodha kule Embakasi. Wafanyabiashara saba tumechangia kontena hilo moja, kwa hiyo mmoja akikwama wote tumekwama. Anasema kuna katoni zisizolingana na karatasi zake. Za nani, bado hajui.

Mimi najua. Ni zangu. Katoni thelathini za birika za umeme, ambazo kwenye fomu yetu ya pamoja niliziandika "vyombo vya plastiki". Kwani birika si chombo? Si ya plastiki? Cheti cha ubora kingenichelewesha wiki tatu nzima, nami si mtu wa kuchelewa. Nimeamua. Kontena litatoka, birika zitatoka, na hakuna atakayejua. Bedan hashindwi.

Jumatano, 12 Machi

Mkutano dukani kwa Shamis, Eastleigh. Ana madera mia nne ya Idi humo kontenani. Idi ikipita, amesema, hayo ni matambara. Akauliza ni nani kati yetu aliyedanganya. Nikaona nikinyamaza nitashukiwa, nikapiga meza. Nikasema mtu huyo hana utu, asakwe! Wakanipigia makofi na kunichagua niongoze uchunguzi. Nimekubali kwa unyenyekevu.

Nikaanza na Shamis mwenyewe. Faili lake lina kila cheti, vyote vimepangwa kwa tarehe. Nikamwambia karatasi safi namna hiyo zinatia shaka. Mama wa watu amefunga tangu alfajiri, lakini nguvu za kunikaripia hazikumpungukia.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefika Embakasi kama kiongozi wa uchunguzi. Ofisa wa forodha, mama mpole, amenieleza vizuri sana. Mwenye katoni aje, akiri, atie sahihi. Mzigo wake utawekwa kando, na wa wenzake utatoka siku hiyohiyo. Sahihi moja tu! Nimemwahidi kwamba mtu huyo nitamtafuta hadi nimpate.

Jumatatu, 17 Machi

Akili imefunguka! Birika isiyo na waya si kifaa cha umeme. Ni jagi. Nimerudi Embakasi na mkasi mkubwa wa kuazima, nikaomba niingie bohari nikakate nyaya zote. Ofisa akauliza mimi ni nani hasa kwa mzigo huo. Nikasema ni mpenda haki tu. Mlinzi amenisindikiza hadi langoni. Mkasi amebaki nao.

Nyumbani Mowlem, mke wangu Wacera akasema niache ujinga nikatie sahihi, mficha uchi hazai. Nikamkumbusha kwamba tuna watoto watatu tayari.

Alhamisi, 20 Machi

Maafa! Abdiwali ameletewa picha ya katoni zilizozuiliwa, akaitupa kwenye grupu letu la WhatsApp. MVUKE DELUXE, imeandikwa, na chini yake nambari ya simu ya wateja. Nambari yenyewe ni laini yangu ya pili, ambayo kundini hakuna anayeijua. Nilikuwa nimeketi mbele ya Shamis, nikimhoji kwa mara ya tatu. Ameitazama picha, akaipiga nambari ile. Mfuko wangu ukalia. Nami, kwa mazoea ya biashara, nikapokea! Nikasema, "Mvuke Deluxe, tukusaidie vipi?" huku namtazama usoni.

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alisema wanawake wawili wanaouza dukani mwake wanaisubiri Idi hii mwaka mzima, na mimi nimekaa siku kumi na sahihi yangu mfukoni. Nimeona aibu. Aibu ya kweli, ya kutamani ardhi ipasuke.

Jumatatu, 24 Machi

Nilitia sahihi Ijumaa. Kontena likatoka alasiri ileile. Madera yanagombaniwa, foleni imeshuka hadi ngazini. Birika zangu zitaharibiwa zote. Sikulia mbele ya watu.

Leo Shamis ameniita. Nilijua nafukuzwa kundini. Kumbe amenihurumia! Kwenye kontena lijalo nina nafasi ya katoni ishirini, mradi nije na cheti. Ili nisipotee tena, amenipa nakala ya cheti chake mwenyewe, nione kilivyo. Akaniambia, "Bedan, ndugu yangu, fuata hivi hivi tu." Machozi yalinilengalenga. Mtu akikutendea wema kama huo, huwezi kumwangusha.

Nimeagiza pasi za umeme. Cheti cha Shamis nimekisoma tangu adhuhuri, mstari kwa mstari, na nitakifuata kama alivyosema. Kinachohitaji kubadilishwa ni jina tu. Pale palipoandikwa "madera" nitapaacha, kwani nani husoma mpaka chini?