Kufundisha Panya Kusahau

Kesses. Jumanne, 4 Machi

Sijalala poa. Panya wametoboa gunia ingine. Mama Warigia, mwenye ploti, alinipa hii chumba bure nilinde mahindi yake ya stoo hapo kando. Leo ameuliza kama nalinda ama tunakula pamoja. Ati Jumapili akikuta gunia imetobolewa tena, chumba inaenda kwa Gerishon aweke pikipiki.

Gerishon! Jirani. Anasoma chuo, ana pikipiki, ana paka. Paka inaitwa Waziri, juu inalala tu.

Mama Warigia anataka niweke sumu. Nimekataa. Mimi ni mtu wa sayansi. Nimemaliza video zote. Panya ana kisehemu kwa ubongo, inaitwa hipokampasi. Hapo ndio ramani zake zinakaa. Akipita mahali kila siku, seli zinashikana zaidi, kama ile njia ya ng'ombe kwenda dipu kuoshwa kupe: nyasi haimei tena. Akiacha kupita, nyasi inarudi.

Kwa hivyo sina haja ya kuua. Wasahau tu.

Jumatano

Nimeziba shimo la stoo na mabati. Nimeweka njugu karanga kona ya mbali, kwa ukuta wa Gerishon. Wazoee huko! Nimezungusha magunia pia, ramani yao ya zamani ipotee. Mgongo umekufa. Nikiweka njugu napiga mluzi, wimbo wa kwaya, nisilale nikiwa nimesimama.

Alhamisi

Njugu imeisha yote. Nimeongeza, na mluzi. Gerishon akaniita daktari wa panya. Akauliza mbona napiga mluzi kila saa ya kuwalisha. Nikamwambia hiyo ni furaha, yeye hana.

Jumamosi

Hakuna gunia imeguswa! Nyasi imerudi! Ningeruka lakini nimechoka sana.

Jumapili

Mama Warigia alitoka kanisa na wamama wa ushirika, chai na chapati hapo nje. Akaingia stoo. Akapapasa gunia moja moja. Zima zote. Akaambia wenzake huyu kijana hajasoma sana lakini ana kichwa. Gerishon alikuwa anasikia!

Nikafurahi. Mluzi ukanitoka wenyewe.

Panya wakakuja wote. Kutoka kwa ukuta, kwa mtaro, chini ya benchi. Wakapita katikati ya viatu za wamama, wakubwa mbele. Hakuna aliangalia chapati. Walikuja kwangu. Mmoja akapanda kiatu yangu, akakaa, akaniangalia usoni.

Mama Warigia alikuwa juu ya benchi, ameshika kikombe. Hakupiga nduru. Alisema polepole tu, "Kirui. Kumbe ni wako."

Jumatatu

Moiben. Nimewekwa stoo ya chakula ya kuku kwa Mama Mdogo. Gerishon ashaingiza pikipiki. Waziri analala juu ya magunia na panya hawatoki. Ati hiyo ndio kazi.

Nimechoka, lakini nimefikiria. Sayansi haikuwa na makosa. Panya hawakuwa na makosa. Shida ilikuwa mluzi.

Mama Mdogo analia kuku wake wanataga kwa majani, kila mmoja na maficho yake. Nikamwambia atulie, hata kuku ana hipokampasi. Nitawapa ramani mpya. Mahindi kidogo kila asubuhi, mahali pamoja. Jumapili wageni wanakuja kumposa Jerop, binti yake. Kufikia hapo kuku watakuwa wameshika.

Na sitapiga mluzi hata kidogo. Nitagonga sufuria.