Tezi Iliyonisahaulisha Kuonja

Murungu, Kibondo
14 Desemba 1976

Ndugu Mwalimu Pelagia,

Kabla hata ya salamu nakiri jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mama: Bwana Shamba Pasikali, yule kijana aliyetoka chuoni juzijuzi, akibisha hodi, moyo wangu hukimbia kama nimeiba.

Ulitufundisha kwamba homoni hutoka kwenye tezi, huingia damuni na kubadili tabia. Kengele ikalia. Wiki iliyofuata tukaanza somo la minyoo, la tezi likabaki nusu. Ndiyo maana malalamiko haya yanakuja kwako.

1. Homoni haina adabu. Kwetu anayeleta pombe hunywa funda la kwanza mbele ya mgeni, ajue haina sumu. Jumapili nilimkabidhi Pasikali kibuyu bila kuonja, nikabaki namtazama. Wazee wakaliona. Baba mdogo Ildefonce akasema, "Huyu biolojia kaja nayo, adabu kaiacha bwenini." Sasa wanataka kunipeleka Kitahana kwa shangazi nikafundwe upya.

2. Homoni ina upendeleo. Siku ileile katibu wa kijiji nilimwonjea mafunda mawili. Katika nchi ya usawa, tezi inayochagua wageni ingepaswa kuitwa kikaoni ijieleze.

3. Homoni huamini bila uchunguzi. Pasikali alisema maharage yapandwe kwa mistari. Nimeng'oa ya kwetu yaliyokwisha kuota, nikayapanda upya kwa kamba. Mama analaumu nyani, ila anashangaa siku hizi wanapanda kwa mistari.

4. Ikiwa kitezi kidogo chaweza kumfanya mtu amwamini ofisa kabla hajaleta hata mfuko wa mbolea, hili si langu tena, ni la taifa zima.

Kwa hiyo naomba hati yenye mhuri wa shule, isemayo kosa ni la tezi, na kwamba Kitahana hakuna dawa yake.

Wasalimie walimu wote, mpishi, na wanafunzi watakaofika sura ya tezi. Waambie wasiisome haraka.

Mwanafunzi wako wa zamani,
Valeria Ntirampeba

Nyongeza: Pasikali amepita asubuhi hii. Amemwambia baba kwamba aliona wazi sikuonja, na alikunywa kwa makusudi. Safari ya Kitahana imefutwa. Naona tezi yake nayo ni mbovu. Tafadhali usiandike hati, Mwalimu. Wakijua ni ugonjwa watatutafutia dawa. Haya yote yabaki kwako.