Nyumba ya Mkomani Iliyonikaribisha

Leo nimefedheheka, jamaa zangu. Afadhali mlisikie jambo hili kwangu kabla halijafika sokoni.

Mwajua natafuta nyumba. Mke wangu, Bi Zuhura, yuko Siyu na mimba yake, na amesema hatii mguu Lamu mpaka apate mlango wake mwenyewe. Zilibaki nyumba mbili. Ya mtaa wa Langoni ni ya udongo na makuti, majirani wamebanana, na paa moja likishika moto mtaa mzima unakimbia na mikeka kichwani. Ya Mkomani ni ya mawe, kuta nene, kisima ndani. Moyo wangu ulikuwa Mkomani. (Mshona makubadhi kama mimi naye ajione bwana mkubwa.)

Asubuhi nilikwenda Langoni. Watu nisiowajua wakaninywesha kahawa na kunihoji ukoo wangu. Nikaona adha.

Baada ya sala ya adhuhuri, dalali wangu, Bwana Shee, akanifungulia ile ya Mkomani. Akasema mwenyewe ameridhia niitazame. Sikuuliza mwenyewe yuko wapi. Dalali akabaki nje kutafuna tambuu.

Nilipoingia tu, sauti za mtaani zikakatika. Baridi ya mle ndani si ya mchana. Nikavua makubadhi, nikapanda ngazi. Juu, katika ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya kuwekea vyombo, chetezo kilikuwa kikifuka udi. Nyumba tupu, udi nani kautia moto?

Nikapiga hodi. (Kwa ukuta!)

Sauti ya mwanamume ikajibu, karibu na sikio langu, taratibu: "Karibu. Umechelewa."

Nikageuka. Hapana mtu.

Nikaanza Ayatul Kursi, ulimi ukateleza, kumbe nasoma dua ya kula. Nikaisoma mpaka mwisho, kwa sauti. Kisha nikasema, "Ewe unayekaa humu, toka unipishe. Mke wangu ana mimba."

Nyuma ya pazia mtu akauliza, "Nitoke, nishike ndia ya wapi?" Mkono mweupe, uliokunjamana kwa uzee, ukashika pazia.

Sikumbuki ngazi. Nakumbuka niko nje, peku, kilemba kimenasa mlangoni, napiga kelele kuwa kuna jini, mbele ya watu waliokuwa bado wanatoka msikitini.

Mlango ukafunguka nyuma yangu. Bi Mwana Esha, mwenye nyumba, akaninyooshea makubadhi yangu. "Bwana, dua ya kula huombwa penye chakula," akasema. Watu wakacheka hadi wakashika kuta.

Nikamtaka radhi. Nikasema aliyenishtua ni mumewe, yule aliyenikaribisha kule juu.

"Mume wangu alikufa zamani," akasema. "Mimi nilikuwa nasali. Sikunena mpaka uliponifukuza."

Kicheko kikafa. Bwana Shee akatema tambuu.

"Lakini huyo mzoee tu," akaongeza yule bibi. "Hukaribisha kila mtu."

Nimeshatoa neno Langoni kwamba ile ya makuti naichukua. Nawaombeni jambo moja: habari hii isivuke maji kufika Siyu. Bi Zuhura ataambiwa nimechagua kwa busara.