Kamati ya Maji Mdomoni

Kwa niaba ya Kamati ya Kupima Usalama wa Vicheko, ambayo mimi ni mwenyekiti wake, nafurahi kuutangazia umma kwamba watoto wadogo sasa wanaweza kucheka bila hofu. Yamesemwa mengi mitaani kuhusu kikao chetu cha Alhamisi. Karibu yote ni umbea, isipokuwa lile la Waziri kuloa.

Mtengenezaji mmoja wa filamu, mama mpole ila mwenye mdomo, alituletea filamu ya vichekesho vya kifamilia. Hadithi yenyewe nyepesi: baba mjuaji anagoma kuita fundi bomba, anashika spana mwenyewe, nyumba inajaa maji. Walioigiza ni watoto wa majirani zake, na siku hiyo alikuja nao, wakakalishwa nje kwenye ngazi. Tukiipitisha, wangeitazama ukumbini Jumamosi. Tukiikataa, basi.

"Yaani mtoto kaigiza mwenyewe, halafu asijione?" aliuliza.

"Mama, kuigiza hakujakatazwa," nilimfafanulia. "Hatari iko kwenye kutazama."

Kipimo chetu ni cha kisayansi. Taa zikikaribia kuzimwa, kila mjumbe anajaza maji mdomoni. Tukio likimfanya ayateme, hilo ni hatari na linakatwa. Watoto hawaingii, kwa kuwa hucheka ovyo na kuvuruga kipimo. Kwa utaratibu huu, filamu moja ilibaki na majina ya waigizaji peke yake. Hiyo tuliipitisha kwa kauli moja.

Alhamisi hiyo Mheshimiwa Waziri alikuja kujionea. Nilimketisha mbele yangu, kwenye kiti chenye mto. Nilikuwa nautaka ukurugenzi, nao hapewi mtu anayechekacheka.

Tukajaza maji. Filamu ikaanza.

Baba mjuaji aliposhika spana, mashavu ya makamu wangu yakaanza kutetemeka. Mjumbe wa maadili, mama mzito mwenye heshima zake, akafumba macho na kung'ang'ania meza. Bomba likapasuka. Bibi wa nyumba akafungua mwavuli sebuleni, akaendelea na chai yake. Maji yalipomfika baba kiunoni, akaigeukia familia na kutamka, "Msiwe na wasiwasi, hali ni shwari."

Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi kwenye taarifa ya habari, siku ofisi yetu ilipofurika. Nilikuwa nimesimama juu ya meza.

Nilijikaza, nikashindwa. Maji yote yakatua kisogoni kwa Mheshimiwa.

Makamu aliona, akatema yake. Mjumbe wa maadili alitema akiwa bado amefumba macho, kwa hiyo hatuwezi kusema alilenga. Watoto walisikia vurugu, wakasukuma mlango. Wakamkuta Waziri kaloa chapachapa, nami namfuta kichwa kwa tai yangu huku nikimwambia, "Mheshimiwa, hali ni shwari."

Walicheka mpaka wakakaa chini. Kabinti kamoja, kadogo kuliko wote, kakanivuta koti.

"Babu, sema tena."

Waziri alimwita, maji bado yakimdondoka puani. "Mjukuu wangu, niambie ukweli. Umeumia popote kwa kucheka?"

Binti akajishika tumbo. "Hapa. Lakini panauma vizuri."

"Na hawa wazee?"

Alitukagua mmoja mmoja, kwa huruma. "Hawa hawajazoea."

Waziri alikamua tai yangu, akanirudishia, kisha akatoa uamuzi palepale. Filamu inafaa kwa watoto wote, bila kukatwa hata kipande. Ila mjumbe yeyote wa kamati asiitazame mpaka aandamane na mtoto.

Utaratibu ni utaratibu. Jumamosi nilifika ukumbini nimeshikwa mkono na yule binti, aliyeagizwa anitoe nje nikizidiwa na kicheko. Spana ilipotokea tu, akanitoa. Mara ya kwanza alinipa onyo, akanirudisha. Mara ya pili akaniketisha kwenye ngazi, akaingia ndani peke yake.

Nilikaa pale nikisikiliza ukumbi mzima ukivunjika mbavu. Yule mama mwenye filamu ndiye aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Bibi keshafungua mwavuli?" nilimuuliza. "Nichungulie kidogo tu."

"Tulia, mwenyekiti," alisema, akirudishia mlango taratibu. "Hali ni shwari."