Maundu na Nyasi za Mama Mkwe

Kangundo nzima hakuna mtu anayejua mimea kama Maundu! Mjadala huo ulishafungwa, na aliyeufunga ni Maundu mwenyewe. Alikuwa na cheti cha semina ya siku mbili kule Masinga. Kweli, semina ilikuwa ya ufugaji wa samaki, lakini samaki hula majani, na majani ni mimea. Ubishi wa nini? Tena alikuwa na koti jeupe la mtumba, koti la muuza nyama, alilolivaa hata akienda kununua chumvi.

Basi Maundu alimpenda Winfred, na Winfred naye, Mungu amsamehe, alimpenda Maundu. Kilichobaki ni kupeleka mbuzi watatu wa ntheo, wale ambao wakishapokelewa kwa kina msichana, msichana ni mke wa mtu. Wa kuwapokea alikuwa mama yake, Kalekye, mjane mwenye ng'ombe wawili wa maziwa na ekari moja ya boma, nyasi za malisho anazokata, kukausha na kufunga beli za kulisha ng'ombe kiangazi.

Jumapili moja baada ya kanisa, Kalekye akamwita shambani. Kwenye kona moja, mahali pa kutosha kitanda tu, palikuwa na majani yanayong'aa kuliko boma yenyewe.

"Maundu, wewe umesoma. Hii ni nini imeingilia nyasi yangu?"

Maundu hakujua. Mtu mwingine angesema "sijui", akaenda zake kunywa chai. Yeye alichuma jani, akalinusa, akalitafuna, akafumba macho kama anayesali.

"Mama, usiogope. Hii ni boma changa. Iko tu na njaa ya hewa."

"Mbona ng'ombe zangu zinaikataa?"

"Ng'ombe zako hazijasoma."

"Na Winfred akiing'oa inarudi."

"Si hiyo ndiyo nguvu ya mbegu! Mnang'oa utajiri! Hii inataka kulimwa, isambae."

Kesho yake akaazima maksai na plau, akaipasua ile kona, akaburuta udongo wake shamba zima, mara nne, huku akiimba. Winfred akamuuliza kama ana hakika.

"Winfred, ukiumwa na jino unamfundisha daktari kazi?"

Mvua ya Novemba ikanyesha. Bila hata kuchungulia shamba, Maundu akamchukua baba yake mdogo, mzee Musili, na mbuzi watatu, wakaenda ukweni. Walikuta ekari nzima inang'aa kijani. Maundu akavimba kifua.

"Mnaona kazi yangu?"

Kalekye alichuma shina moja, akampa mzee Musili. Mzee akajaribu kulivingirisha kati ya vidole viwili, likagoma. Shina la boma ni la mviringo. Hili lilikuwa na kona tatu. Akachimbua kwa fimbo, akatoa mizizi yenye vinundu vyeusi vilivyofuatana kama rozari.

"Aiii! Maundu, hii ni ndago! Hata mtoto wa nasari anajua ndago! Ukikata hii nundu moja, inazaa kumi. Nani alilima hapa?"

Mbuzi waliinusa ile ndago, wakageuza shingo.

"Hata hizo hazijasoma?" Winfred akauliza.

Maundu aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi ilikuwa imejaa ndago.

"Mimi sijakataa kijana," Kalekye akasema taratibu. "Ntheo nitapokea. Lakini kwanza ang'oe hii yote na mkono, na nundu zake. Siku itakapoisha, mlete mbuzi."

"Wiki mbili tu, Mama!" Maundu akadakia.

Mzee Musili alimtazama kwa huruma, kisha akavuta kamba. "Twendeni, mbuzi zangu. Nyinyi mtazeekea nyumbani."

Sasa ni mwezi wa tano tangu aanze. Maundu amepiga magoti kwenye mstari wa tatu, na ule wa kwanza umeshachipuka upya.