Kofia ya Sufu na Karata za Alhamisi

Alhamisi, 9 Januari

Nina miaka themanini na miwili. Katika umri huu muda si mrefu, kwa hiyo nakiri mapema na kwa maandishi, kama nilivyowadai wanafunzi wangu wa Kilatini: kosa kwanza, visingizio baadaye.

Kosa: saratani yangu ya damu imetulia tangu Mei. Damu safi! Sijamwambia jirani yangu Taras.

Visingizio: tulinuniana miaka kumi na mmoja, kisa theluji aliyokuwa akiisukumia mlangoni kwangu. Nilipougua akabisha hodi na sufuria ya pirogi, yale maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani, akaketi, akachanganya karata. Tangu hapo huja kila Alhamisi. Na kila Alhamisi hushindwa. Yeye, bingwa wa karata wa mji mzima! Leo pia nimemshinda. Eti karata zimemkataa. Zimemkataa mwaka wa pili sasa.

Tatizo ni nywele. Dawa za saratani zilizinyonyoa zote, sasa zimerudi nene, zimejisokota kama manyoya ya kondoo. Nimecheza na kofia ya sufu hadi masikioni, jiko linawaka, jasho linanitiririka. Taras akauliza kama ni homa. Nikasema ni homa. Akaniachia pirogi zote zilizobaki. Ushindi mara mbili!

Jumatatu, 13 Januari

Kliniki, mjini Saskatoon. Vipimo vya kila miezi mitatu. Binti yangu Marlys aliendesha gari na kunihubiria njia nzima: baba, mwambie Taras, huoni aibu? Nikamweleza kwamba nikiwa mzima, Taras hana sababu ya kuvuka barabara. Atanipungia mkono tu kutoka kwake, kama anavyompungia mtu wa posta. Marlys akasema amelea watoto watatu na msumbufu kuliko wote bado ni mimi.

Muuguzi amechukua mirija mitatu ya damu. Majibu keshokutwa. Nilitania watu hadi kwenye lifti. Mle ndani nikamshika Marlys mkono.

Jumatano, 15 Januari

Simu kimya. Nimeosha kikombe kilekile mara nne. Nimejipapasa shingo kutafuta uvimbe, nikaupata! Kilikuwa kifungo cha shati.

Saa tisa alasiri simu ikalia. Damu safi. Safi! Nimecheza dansi jikoni, kichwa wazi, fagio nimelishika kiuno. Kugeuka, Taras yupo dirishani, koleo mkononi, anasafisha theluji kwenye njia yangu.

Nikavaa kofia. Nikakohoa. Akanipungia mkono, akaendelea na koleo lake.

Huenda hakuona. Miwani yake ni minene sana.

Alhamisi, 16 Januari

Nimempokea nikiwa kwenye kochi: mablanketi mawili, kofia, kipimajoto mdomoni. Taras akaketi, akachanganya karata, halafu akasema bila hata kuniangalia: we mzee, vua hiyo kofia, utaiva.

Nikavua. Akazitazama nywele. Akasema kondoo wa shangazi yake walikuwa na sura nzuri zaidi.

Kumbe anajua tangu Juni! Marlys alimwambia dukani, kwenye foleni, kila mmoja na maziwa yake mkononi. (Binti yangu wa kumzaa!) Nikamuuliza mbona basi ameendelea kushindwa. Akainua mabega. Alihofia kwamba akinifunga nitamnunia tena miaka kumi na mmoja mingine, na sisi, bwana, miaka hiyo hatuna.

Nikasema: basi kuanzia leo tucheze kweli. Tukapeana mikono. Macho yetu yalikuwa na unyevu kidogo, labda kwa sababu ya jiko.

Halafu akanichapa. Mara tatu! Mara ya tatu vijiti vyangu vya kuhesabia alama havikufika hata katikati ya ubao wa alama. Na muda wote anapiga mluzi!

Alhamisi, 23 Januari

Amekuja bila kuitwa. Pirogi hakuna. Eti mzima halishwi, na mzima anaweza kuinuka akachemsha chai. Nimechemsha chai. Amenichapa mara nne, na mluzi juu.

Nakiri tena, na safari hii kwa moyo mweupe: nilikuwa mjinga. Taras hakuwa akija kwa ajili ya ugonjwa. Alikuwa akija kwangu. Hila zote zile zilikuwa za bure, na mtu wa umri wangu anapaswa kwenda kaburini bila hata moja.

Baada ya mchezo wa nne nilimdokezea kwamba goti langu la kushoto linauma kwa namna ya ajabu, ila asijali. Mluzi ukakatika. Mchezo wa tano nimeshinda mimi.

Kesho naazima mkongojo. Nisisahau: goti la kushoto.